Mgongo umenishika, mkono wafa ganzi, na kazi yangu ni kuchonga

Assalamu alaikum, daktari.

Mimi ni fundi wa milango ya nakshi hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Kazi hii niliipokea kwa marehemu baba nikiwa bado nasoma chuoni, na sasa karakana ni yangu. Tuko wanne: mimi, ami yangu ambaye ndiye fundi mkubwa, na vijana wawili wanaojifunza.

Tatizo lilianza na mgongo. Twafanya kazi chini. Ubao twaulaza sakafuni juu ya vipande viwili vya boriti, fundi akakaa ubavuni pake juu ya mkeka au akachutama, kichwa kimeinama tangu asubuhi. Jioni nikitaka kuinuka nashika ukuta kwanza. Siku hizi naswali juu ya kiti, na miye si mzee, sijafika hamsini.

Baadaye likaja la mkono. Usiku naamshwa na ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kushoto, huo unaoshika patasi. Naukung'uta mpaka upate nafuu ndipo nilale tena. Juzi nimeketi barazani, kikombe cha kahawa kikaniponyoka mbele ya watu.

Dukani wananiuzia vidonge vya diklofenaki, na yakizidi nachomwa sindano. Shemeji yangu aliniletea kutoka Mombasa mkanda mpana wa mgongo, nauvaa kutwa kucha. Unafuu naupata kidogo, kisha yale yale.

Sasa limetokea kubwa. Mmoja wa vijana, wa miaka 19, aliinua peke yake upande mmoja wa mlango wa mbambakofi, ule mti mgumu mzito, ili augeuze, akasikia kitu kimemkata kiunoni. Mamake alikuja karakana akaniambia mwanawe hakuletwa kwangu kulemazwa. Sikuwa na la kumjibu.

Ami asema maumivu ni sehemu ya ufundi, yeye ameyavumilia na baba aliyavumilia, na nakshi tangu zamani huchongwa fundi amekaa chini. Yule kijana wa pili asema tununue mashine za umeme tuachane na nyundo. Nami nina oda ya milango ya nyumba ya wageni kule Shela, yatakiwa kabla ya msimu.

Niambie: mkono huu utapona? Mkanda wafaa? Ninunue mashine? Na huyu kijana, nina wajibu gani kwake? Niko tayari kubadilisha mambo, lakini sina fedha za kuvunja karakana nikajenga nyingine.

Fundi wa Langoni, Lamu

JIBU

Waalaikumu salaam, ndugu yangu fundi.

Nianze na kijana, maana yeye hafai kungoja. Muulize leo maswali haya, tena umuulize faraghani asione haya kujibu. Je, ana ganzi sehemu za siri, au pale mtu anapokalia? Je, mkojo au haja kubwa vinamtoka bila yeye kujua, au mkojo unakataa kutoka? Je, miguu imelegea, hasa yote miwili? Akijibu ndiyo hata kwa moja, apelekwe hospitali ya kaunti siku hiyo hiyo. Hiyo ni dalili kwamba mishipa ya fahamu iliyo chini ya uti wa mgongo imebanwa, na ikicheleweshwa inaweza kumwachia ulemavu wa maisha. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa, au na kukonda pasipo sababu, nayo yanataka daktari haraka, kwa sababu kifua kikuu nacho hushambulia mifupa ya uti wa mgongo.

Kama hana lolote katika hayo, basi habari ni njema. Mikazo mingi ya namna hiyo hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Asilazwe kitandani. Zamani tulikuwa tukiwaambia wagonjwa walale chali mpaka wapone, lakini sasa yajulikana kwamba anayetembea na kuendelea na shughuli nyepesi hupona mapema kuliko anayelala. Basi na aje karakana, anoe patasi, achore nakshi kwenye karatasi, apige msasa ubao ulio juu ya meza. Kuinua vitu vizito asiruhusiwe kwa sasa, na atakaporudia aanze na vyepesi. Na mshahara wake usiukate.

Sasa mkono wako. Kutoka kwenye kigasha kuingia kiganjani kuna njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono. Sakafu yake ni mifupa midogo, na dari yake ni ukanda mgumu usiotanuka. Humo hupita kano tisa zinazokunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, na huo ndio unaoipa hisia ile ile sehemu uliyoitaja: gumba, shahada, kidole cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Unaposhika patasi kwa nguvu kutwa nzima na kifundo kimepinda, kano zinavimba na njia haipanuki, ikawa kama kichochoro cha Langoni punda wawili waliobeba matofali wakikutana. Anayeumia ni yule mshipa, kwa sababu ndio laini kuliko vyote vilivyomo. Usiku mambo huzidi kwa kuwa watu wengi hulala wamekunja kifundo bila kujijua.

Ganzi ya usiku, kuukung'uta mkono, na vitu kuponyoka: ukizijumlisha hizo tatu, sina shaka sana na kinachokusumbua, lakini mkono wako sijaushika, na kuushika ni lazima. Ukitaka kujaribu nyumbani, kutanisha migongo ya viganja vyako mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, ukae hivyo dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole vile vile, mwambie mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, utakapomwona. Halafu viweke viganja vyote viwili juani uviangalie. Ule mnofu ulio chini ya gumba, je, wa kushoto umebonyea kuliko wa kulia? Kama umebonyea, mshipa umekwisha kuumizwa kwa muda, na huenda ukahitaji upasuaji mdogo wa kuukata ule ukanda. Si upasuaji wa kutisha, ila usiusubirishe hadi mnofu uishe. Omba pia upimwe sukari na homoni za tezi ya shingo, kwa sababu kisukari na maradhi ya tezi huleta ganzi hiyo hiyo kwa mtu ambaye hajawahi kushika patasi.

Kama bado hujafika huko, lala umevaa gango linaloshika kifundo kikiwa kimenyooka, usiku wote, kwa muda wa wiki sita hivi. Hospitalini watakutengenezea. Wengi hupata nafuu kwa hilo tu. Lakini ukivaa gango usiku na asubuhi ukarudia ubao ule ule, patasi ile ile na mkao ule ule, ganzi itarudi nayo.

Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliwahimiza madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: kazi yako ni ipi? Alikuwa akiingia mwenyewe karakanani kuwatazama mafundi, akaona kwamba mkao mbaya na kurudia tendo moja muda mrefu huvunja miili ya watu. Miaka zaidi ya 300 imepita, na bado mtu huenda dukani akauziwa sindano bila kuulizwa hukaa vipi kazini. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Si yote yatokanayo na kazi. Lakini yale yanayotokana na kazi yanazuilika, na mzuiaji wa kwanza ni mwenye karakana.

Tena hazuii kwa kuwaambia watu "kaeni vizuri". Kama ubao uko sakafuni, mtu atainama tu, umkumbushe usimkumbushe. Kuinama hakutokani na uzembe wake, ni kazi iliyowekwa pale mwili usipoweza kuifikia bila kujikunja. Inua kazi. Hilo ndilo jibu langu kwako, na mengine yote yaliyobaki ni namna ya kuinua.

Tengeneza farasi mbili za mbao, zile za miguu ya kupanua ambazo maseremala hukatia mbao juu yake. Mabaki ya mbao unayo, na vijana unao, kwa hiyo gharama ni misumari na asubuhi moja. Simama wima, mikono ikining'inia, kisha kunja kiwiko na umpe mtu akupimie kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Tuseme imekuja sentimita 105. Kazi ya nguvu, yaani kupasua na kuchimba kwa nyundo kubwa, iwe chini ya hapo kwa sentimita 15 hadi 40, ili uzito wa mwili na wa nyundo ukusaidie. Kwako hiyo ni kati ya sentimita 65 na 90. Kazi ya macho, yale maua madogo na mistari ya ukingo, inataka ubao ukufuate usoni: sentimita 5 hadi 10 juu ya kiwiko. Meza ya kimo kimoja kwa kazi zote mbili itakuponza. Farasi ziwe za kimo cha chini, na vipande vya boriti vya kuwekea chini ya miguu yake uwe navyo tayari, uviingize au uvitoe kwa kazi iliyopo.

Kwa nakshi ndogo kuna jambo bora zaidi ya kuinua, nalo ni kuuegemeza ubao. Upande wa juu uinuke, upande wa chini uzuiwe na kijiti kilichopigiliwa usiteleze, na wewe uwe unautazama mbele badala ya chini. Shingo inaponyooka, mabega hushuka yenyewe. Jaribu asubuhi moja kwa mstari mmoja wa ukingo, utaona.

Na ubao ufungwe. Kwa maelezo yako nadhani ubao hamuushiki kwa chochote isipokuwa goti na uzito wake wenyewe. Klampu mbili zitaupa mkono wa kushoto kazi moja badala ya mbili: kuongoza patasi pekee, bila kuuzuia ubao. Mkono unaozuia ni mkono unaobana, na kubana ndiko kunakokuamsha usiku.

Mpini wa patasi nao niutazame. Patasi nyingi za kurithi nilizoziona kwa mafundi wa pwani zina mipini myembamba, mingine mifupi kiasi kwamba kichwa chake huchimba katikati ya kiganja. Mpini mwembamba hulazimisha vidole vikaze zaidi ili usizunguke. Wewe ni fundi wa mti, hili huna haja ya kumlipa mtu: chonga mipini mipya ya unene wa sentimita 3 hadi 4, mirefu ipite upana wa kiganja, au kwa kuanzia zungushia mpira wa baiskeli juu ya mipini iliyopo. Kisha kuna tabia ambayo karibu kila mchongaji anayo. Akichoka kuokota nyundo kwa kazi ndogo-ndogo, huisukuma au kuigonga patasi kwa sehemu ya chini ya kiganja, pale kinapoungana na kifundo. Iacheni hiyo kabisa, nyote wanne. Kila pigo linaangukia juu ya ile njia nyembamba niliyoieleza, na upande wa kidole cha mwisho kuna mshipa wa damu ambao umeharibika kwa watu waliofanya kiganja chao nyundo. Tafuta nyundo ndogo nyepesi, iwe karibu na mkono wakati wote.

Nanyi noeni. Patasi butu inataka nguvu maradufu, na nguvu hiyo inatoka kifundoni kwako. Mpe kijana aliyeumia kazi ya kunoa kila asubuhi na baada ya adhuhuri. Ni kazi nyepesi na ya maana.

Mwanga ni jambo watu hawalihusishi na mgongo. Nyumba zetu zina kuta nene za mawe na madirisha madogo, ndani ni kiza mchana. Anayechonga gizani huinama ili aone. Sogeza farasi karibu na mlango, na taa uitundike ubavuni ili kivuli cha kila mchoro kionekane. Taa ya juu ya kichwa hukufunika kwa kivuli chako mwenyewe.

Ami yako ana haki ya kusikilizwa. Mikono yake imefanya kazi maisha mazima, na ukimwambia ghafla asimame atakataa, tena miguu yake huenda ikamuunga mkono. Mwache aketi. Lakini mketishe juu ya kigoda chenye kimo, magoti yawe chini kidogo ya nyonga, mgongo upate ukuta wa kuegemea anapopumzika, na ubao uletwe mbele yake kwenye meza fupi iliyoinama. Amebaki kuwa fundi anayechonga ameketi. Ila kauli yake kwamba maumivu ni sehemu ya ufundi siiungi mkono, kwa heshima zote. Marehemu baba yako aliyavumilia, na wewe sasa huwezi kusujudu. Ukimpitishia kijana wa miaka 19 urithi huo, milango ya Lamu itakosa wachongaji, maana mama zao watawazuia, na watakuwa na haki.

Mapumziko yawe mafupi na ya mara kwa mara. Kila nusu saa hivi simama, tembea hadi kichochoroni, fungua na kufumba vidole, rudisha mabega nyuma. Mkitoka kuswali adhuhuri na alasiri, msirudie kazi ile ile mliyoiacha; aliyekuwa akichimba apige msasa, aliyekuwa akipiga msasa achore. Mwili unachoshwa na kukaa namna moja kuliko na kazi yenyewe. Na hiyo ni pamoja na kusimama: usije ukasoma barua hii ukasimama kutwa kucha, ukaniandikia tena habari ya nyayo.

Kuhusu mashine, kijana wako ana hoja nusu. Msumeno wa umeme na randa ya umeme zitawapunguzia kazi nzito ya kupasua na kulainisha, na hapo mgongo utakushukuru. Lakini mashine ya mkononi inayotetemeka ina madhara yake. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Alice Hamilton, aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliokuwa wameanza kutumia nyundo za upepo. Aliwakuta vidole vimekuwa vyeupe na vimekufa ganzi, hasa asubuhi za baridi. Mtetemo ulikuwa umeharibu mishipa yao ya damu na ya fahamu. Lamu hakuna baridi ya kukuonyesha weupe huo, kwa hiyo kinachobaki ni ganzi, ambayo wewe tayari unayo. Basi mkono wako wa kushoto usiushikishe graina, ile mashine ya kusagia, wala mashine ya kuchimba nakshi mpaka utibiwe. Ukinunua, nunua ya kupasulia kwanza. Iwe imefungwa mezani ikiwezekana, na kwa zile za mkononi wapokezane, hakuna wa kushika kutwa nzima. Vumbi na kelele ni habari nyingine ndefu, lakini barakoa ya vumbi na vizibo vya masikio visikosekane.

Mkanda vua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwafuata wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa maduka makubwa wanaoinua bidhaa, na waliovaa mikanda hawakupungukiwa na maumivu wala majeraha kuliko wasiovaa. Ubaya wake mwingine ni kwamba humpa mtu ujasiri wa kuinua asichokiweza. Sindano nazo achana nazo. Diklofenaki ikitumiwa mfululizo huweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha presha, na sindano ya dukani haina jipya ambalo kidonge hakina. Mwambie daktari umekuwa ukizitumia kwa muda gani, apime presha na figo.

Kilichomuumiza kijana nimekipigia hesabu. Upande mmoja wa mlango wenye urefu wa mita 2, upana wa nusu mita na unene wa sentimita 5 ni mita za ujazo 0.05. Mbambakofi una uzito wa karibu kilo 800 kwa mita moja ya ujazo. Basi kijana aliinua kama kilo 40, kutoka sakafuni, mgongo umepinda, ubao mpana usiokumbatika. Hesabu inayotumiwa sana na wataalamu wa Marekani huanza na kilo 23 kama kikomo, na hiyo ni pale mzigo uko karibu na mwili na kwa kimo kizuri. Hali ikiwa mbaya zaidi kikomo hushuka. Watafiti wa Ujerumani waliochapisha kazi yao mwaka 1999 walipachika kipimo ndani ya diski, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya uti wa mgongo, ya mtu aliyejitolea. Akisimama wima, shinikizo lilikuwa 0.5 kwa kipimo cha megapaskali. Alipoinua kilo 20 kwa mgongo uliopinda, likafika 2.3. Na hizo zilikuwa kilo 20, nusu ya mzigo wa kijana wako.

Kumfundisha kukunja magoti ni vyema, lakini mafunzo peke yake hayajaonekana kuwakinga watu na maumivu ya kiuno. Ondoa sababu ya kuinua. Milango isilazwe sakafuni tena. Isimamishwe kwa ubavu juu ya ubao ulioinuliwa, ikiegemea ukuta na kufungwa kamba isianguke. Kutoka hapo hadi kwenye farasi ni kuuinamisha tu na kuuegemeza, watu wawili, mmoja kila mwisho, na anayehesabu ni mmoja. Kugeuza ubao ni kazi ya wawili hata kama mmoja ana nguvu za simba. Kuupeleka gatini tumieni mkokoteni. Kisha angalieni maji: mlango ukipakiwa wakati wa maji kujaa, mashua inakuwa karibu na ukingo wa gati, maji yakipwa mnalazimika kuushusha kwenye ngazi zenye utelezi, na hapo ndipo watu huumia. Mwambie nahodha siku moja kabla.

Umeniuliza wajibu wako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi, vifaa na kazi zenyewe zinamfaa mfanyakazi, na inamkataza kumruhusu mtu abebe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumjeruhi. Haibagui kiwanda cha Mombasa na karakana ya Langoni. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, ya mwaka huo huo, inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi, na mwajiri anatakiwa awe na bima na atoe taarifa ya ajali kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba tangu ajue. Kwa hiyo andika taarifa sasa: siku, saa, alichokuwa akiinua, nani aliona. Mpe kijana nakala. Gharama za matibabu yake ni zako, usimwachie mamake.

Na huyo mama nenda kwake wewe, usingoje aje tena. Mwambie ni nini kitabadilika karakanani, umwonyeshe farasi zikiwa tayari. Kisha mpigie mteja wa Shela. Mweleze kwamba kijana mmoja ameumia na mikono iliyobaki haitamaliza milango yote kwa wakati. Mwombe akupe muda, au muafikiane uanze na mlango mkuu na ile mingine ifuate baada ya msimu kuanza. Usimwahidi siku ambayo wewe mwenyewe unajua itawalaza chini usiku na mchana.